Binti wa Dereva wa Basi na Jina la Korona

Leo nataka kuzungumza nawe juu ya mwanamke mmoja ambaye wengi wetu hatukupata kulisikia jina lake, ingawa neno alilosaidia kulibuni tumelitamka mpaka ndimi zikachoka. Neno lenyewe ni korona.

Bila shaka unaikumbuka Ramadhani ya 2020. Misikiti ilifungwa, tarawehe tukaziswali majumbani, na mwezi wa Mei Mji wa Kale wa hapa Mombasa ukazuiwa watu kuingia na kutoka. Iddi niliiswali uani na wanangu. Baraza zilikuwa tupu lakini maneno hayakukosa: huyu asema ugonjwa umetengenezwa, yule asema haupo kabisa, na mwengine ana dawa yake ya tangawizi na ndimu ambayo, kwa maneno yake, haijashindwa bado. Sikumsikia hata mmoja wetu akiuliza swali jepesi: kidudu hiki nani alikipa jina, na alikionaje?

Mimi pia sikuuliza. Nimekuja kuisoma habari yake baadaye, na tangu nilipoisoma nina jambo linalonikera moyoni. Nitalieleza huko mbele.

Mwanamke huyo ni June Almeida. Alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka wa 1930, na baba yake alikuwa dereva wa basi. Ndugu yake mdogo alikufa kwa dondakoo akiwa na miaka sita. Shuleni alikuwa hodari, hasa katika sayansi, na nia yake ilikuwa kwenda chuo kikuu, lakini nyumbani hapakuwa na pesa. Basi akaacha shule akiwa na miaka 16, na mwaka wa 1947 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika hospitali kuu ya mji wake. Kazi ilikuwa ya kukata na kupaka rangi vipande vya nyama vya wagonjwa ili madaktari wavitazame. Kazi ya mkono, yenye mshahara mdogo, isiyo na sifa wala cheo.

Baadaye alihamia London, akaolewa na mchoraji wa picha kutoka Venezuela, wakaenda Kanada. Huko Toronto, katika taasisi ya uchunguzi wa saratani, alikabidhiwa hadubini ya elektroni. Hapa inafaa nisimame kidogo. Virusi ni vidogo kupita kiasi. Hao wa ukoo wa korona, ukiwapanga elfu kumi katika mstari mmoja, ndipo upate urefu wa milimita moja. Mwanga wa kawaida hauwezi kutuonyesha kitu cha namna hiyo, na ndiyo maana chombo hicho hutumia mkondo wa elektroni badala ya mwanga. Lakini hata ukiwa na chombo, taabu haijesha, kwani ndani ya tone la makamasi mna takataka za kila namna, na zote zafanana na kirusi kwa mtu asiye na jicho.

June alikuwa na jicho, tena alikuwa na hila. Alichukua maji ya damu ya mtu au mnyama aliyekwisha kupambana na ugonjwa, ambayo huwa na kingamwili, akayachanganya na kile alichotaka kukichungua. Kingamwili humjua adui wake. Humshika na kumkusanya na wenziwe fungu moja, na fungu huonekana upesi kuliko kimoja kimoja. Kisha alitia chumvi ya madini mazito, ambayo huzunguka kirusi na kukiacha kimetokeza cheupe katikati ya weusi. Hakuwa yeye wa kwanza kufikiria kila sehemu ya njia hii, lakini ni yeye aliyeifanya iwe kazi ya kutegemewa na watu wengine.

Mwaka wa 1964 aliitwa kurudi London, katika chuo cha udaktari cha hospitali ya St Thomas. Wakati huo karibu na Salisbury palikuwa na kituo cha kuchunguza mafua ya kawaida, kikiongozwa na David Tyrrell. Kituo kile kilikuwa na makamasi ya mwanafunzi mmoja wa shule ya bweni, yaliyochukuliwa mwaka wa 1960 na kupewa nambari B814. Ukiyatia katika pua ya mtu aliyejitolea, mtu yule hushikwa na mafua. Lakini kirusi chenyewe kilikataa kukua katika vyombo vyao vya kawaida, mpaka walipokilea juu ya vipande vya koromeo, na hata hapo hawakuweza kukiona kikoje. Tyrrell aliambiwa kwamba yuko bibi ametoka Kanada ambaye huenda akakiona. Hakuwa na matumaini makubwa. Akampelekea sampuli, na pamoja nazo akatia nyingine za virusi vinavyojulikana, vikiwemo vya homa ya mafua, kama mtu anayemjaribu sonara kwa dhahabu anayoijua.

June akaviona vyote. Akakiona na kile cha B814, duara limezungukwa na miiba kama taji. Tena akasema kwamba hii si mara yake ya kwanza: alikwisha kuona vya umbo hilo katika kuku wagonjwa na katika panya, akaandika makala, na makala yakarudishwa. Waliopewa kuyakagua walisema hizi ni picha mbaya tu za virusi vya homa ya mafua.

Nadhani hapo ndipo pana uzito wa habari hii, kuliko hata ugunduzi wenyewe. Picha ilikuwa sahihi. Aliyeipiga alikuwa sahihi. Waliosoma zaidi yake waliitazama wakaona kile walichozoea kukiona. Si kwamba walikuwa wapumbavu, la. Walikuwa mabingwa, na ubingwa una upofu wake. Mwaka wa 1967 picha zikachapishwa, na mwaka wa 1968 wataalamu wanane, June akiwemo, wakatangaza jina la korona, yaani taji kwa Kilatini. Kilichotufungia misikiti 2020 si kile cha mwanafunzi wa bweni, bali ni jamaa yake wa ukoo mmoja.

Kazi yake haikuishia kwenye mafua. Mwaka huo wa 1967 yeye na wenzake walionyesha umbo la kirusi cha rubela, kile kinachomdhuru mtoto aliyemo tumboni mama akiugua. Mwaka wa 1971 walibainisha kwamba kirusi cha homa ya ini aina ya B kina sehemu mbili, ganda na kiini, na kila moja ina kingamwili yake. Jambo hili limefaa sana katika kupima damu. Mmarekani Albert Kapikian alijifunza njia ile kwake, akarudi kwao, na mwaka wa 1972 akaitumia kukiona kirusi cha kuharisha kilichokuwa kimewaugua wanafunzi wa mji wa Norwalk. Cheo cha udaktari wa sayansi alikipata kwa maandishi aliyokwisha kuyachapisha, bila kupitia madarasa ya chuo kikuu. Alifariki mwaka wa 2007, na dunia ikaanza kumuuliza miaka 13 baadaye, ilipokuwa imejifungia ndani.

Sasa nirudi kwenye hilo linalonikera. Dada yangu ana binti. Alipomaliza kidato cha nne matokeo yake yalikuwa ya katikati, ya biolojia yakiwa mazuri. Chuo kikuu hakikupatikana. Akapata nafasi ya kusomea kazi ya maabara, na dada yangu akaniletea shauri, kwa kuwa mimi ndiye mjomba. Nilikuwa nimekaa barazani na wenzangu, na nikasema kwa sauti ili nao wasikie: "Yaani binti wetu akashinde kutwa kupima choo na mkojo wa watu?" Wenzangu wakacheka. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Haya mjomba," akaingia ndani, na shauri likafa papo hapo.

Ningekuwa na fedha nikamwambia asomee udaktari, ningekuwa na hoja. Sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho ni kiburi cha mtu anayeona kazi si kazi mpaka iwe na koti jeupe na jina mlangoni. Na habari ya najisi isiwe kisingizio. Mtu anayenawa mara tano kwa siku hahitaji kufundishwa maana ya kujitakasa baada ya kazi.

Najua atatokea msomaji wa kuniambia kwamba siku hizi si kama 1947, kwamba huwezi kumkabidhi mtoto wa miaka 16 vidudu vya kuua watu. Ni kweli, na sisemi vyeti vitupwe baharini. Nasema kwamba hata cheti chenyewe tulikuwa tumekiita cha wanyonge, wakati ni mlango. Tena si mlango wa ughaibuni. Pale Kilifi tu, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, wamekuwa wakichungua virusi vya vifua vya watoto kwa miaka mingi. Mwaka wa 2009 na 2010 walizifuata nyumba 47 za huko, wakichukua sampuli za pua za kila mtu mara mbili kwa wiki kwa miezi sita, wapate kujua nani anamletea mtoto mchanga kile kirusi cha kifua kiitwacho RSV. Wakaona kwamba mara nyingi ni kaka au dada yake anayetoka shule. Hesabu mwenyewe ni pua ngapi, na ni mikono mingapi ilishika vijiti, ikaandika vibandiko, ikaweka barafu, ikapima. Maprofesa peke yao wangeiweza? Na korona ilipofika Pwani, sampuli nyingi za huku zilipimwa pale pale.

Mpwa wangu sasa ana mume na mtoto mmoja, na jioni huuza viazi karai mbele ya nyumba. Wiki iliyopita nilimpelekea gazeti lenye picha ile ya taji, nikamsimulia habari za June Almeida toka mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza huku akigeuza viazi. Nilipomaliza aliniuliza maswali mawili, yote ya ile chumvi ya madini, nami sikuweza kumjibu hata moja. Kisha nikamwambia kwamba siku ile ya barazani nilikosea, na kwamba ada ya mwaka wa kwanza, ikiwa bado anataka na mumewe yu radhi, nitaichanga.

Hakusema "haya mjomba". Alisema atafikiri. Leo ni siku ya nane, na kila nikisikia hodi nyumbani nadhani ni yeye.