Foto Kama ya Sinema: Unasimulia Hadithi Gani?

 

Mwezi huu tuongee juu ya jambo ambalo kila fotografe wa kwetu analijua. Kijana anafika, amevaa miwani nyeusi, amefunga kitambaa kichwani. Anasema: «Ukamate mimi foto kama ya mu filme!» Fotografe anamuuliza: «Filme gani?» Kijana anakaa kimya kidogo, halafu anajibu: «Filme tu. Ya bunduki.»

Wazazi wengine wakisikia hivi wanakasirika mara moja. Tusikasirike mbio. Kutaka kuonekana mzuri, kutaka mtu akuangalie na kusema «Eh, huyu ni nani?», si jambo baya. Lakini kuna kitu cha kuelewa mbele ya kubonyeza.

TAMAA HII NI YA ZAMANI

Haikuanza na telefoni. Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walishikwa sana na sinema za kauboi wa Marekani. Walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa jinzi, mashati ya mirabamiraba na fulari shingoni. Walikuwa hata na lugha yao, Hindoubill, iliyochanganya Lingala, Kifaransa na maneno mengine ya mtaani.

Katika mji huo alikuwako fotografe Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928. Kamera yake ya kwanza aliinunua mwaka 1950 kwa ajili ya arusi yake mwenyewe. Baadaye alifungua studio, na mwanamuziki Franco akamchukua kuwa fotografe wake. Depara aliwapiga foto watu wa dansi na wa usiku, na aliwapiga Bills pia. Wamejisimamisha kama watu wa Texas, ingawa Texas hawakuifika.

Wazee waliwaogopa, na si bure. Makundi ya Bills yalipigana mtaa kwa mtaa, na wasichana wengi waliteswa na vijana hao. Kumbe walianza na kofia na mwendo wa kauboi, mwishoni wengine wakachukua na matendo yake. Lakini padri mmoja Mbelgiji, Jozef de Laet, hakuwakimbia. Aliwakaribia, akafanya kazi kati yao, mpaka wakamwita Père Buffalo. Wazazi, mkumbuke huyo: mtoto anayecheza sinema anahitaji mtu mzima wa kukaa karibu naye, kuliko mtu mzima wa kumpigia kelele tu.

NINI KINAFANYA FOTO IFANANE NA SINEMA?

Filme ni picha nyingi zinazopita mbio mbele ya taa, picha 24 kwa sekonde moja. Kwa dakika moja ni picha 1440. Foto inayofanana na sinema inataka kuonekana kama moja kati ya hizo. Kuna jambo lililotokea mbele yake, na kuna jambo linalokuja nyuma yake. Foto ya kawaida inasema: «Huyu ni mimi.» Foto ya sinema inakufanya uulize: «Sasa itakuwaje?»

Mtu aliyelionyesha jambo hili vizuri ni Cindy Sherman wa Marekani. Mwaka 1977, akiwa na miaka 23, alianza kujivalisha nguo za mitumba na nywele za bandia, akijipiga foto kama mwanamke wa ndani ya filme. Filme zenyewe hazikuwako! Mara alikuwa mama wa jikoni, mara msichana mgeni katika mji mkubwa. Mara nyingine rafiki ndiye aliyebonyeza. Alipomaliza mwaka 1980 alikuwa na foto karibu 70, zote nyeusi na nyeupe, na mwaka 1995 Museum of Modern Art ya New York iliununua mfululizo huo.

Moja ya mwaka 1979 inajulikana sana. Msichana amesimama kando ya barabara tupu, giza linaingia. Ametupa mgongo. Valizi yake iko chini, kando ya miguu. Ni hayo tu. Lakini ukiitazama, moyo unaanza kuuliza: anangoja nani? Amefukuzwa? Gari litakalosimama litakuwa la mtu mwema au la mtu mbaya?

Barabara, valizi, jioni. Kuna kijana gani wa Bambu asiyeweza kupata vitu hivi vitatu?

FANYA HIVI

1. Hadithi kwanza. Mbele ya kutoa telefoni mfukoni, sema hadithi yako kwa maneno machache: «Mama anamngoja baba, na baba amechelewa.» Kama huwezi kuisema, foto haitaisema kwa niaba yako.

2. Usitazame kamera. Katika sinema, watu wanatazamana wao kwa wao, au wanatazama mlango, barua, barabara. Ukitazama kamera na kucheka, ile hadithi inakufa palepale, inabaki foto ya pasipoti.

3. Lalisha telefoni. Pazia la sinema ni pana, na tangu mwaka 1953, Hollywood ilipoleta mtindo wa CinemaScope, lilizidi kupanuka. Telefoni ikisimama wima inakata milima yetu, inaacha mtu peke yake. Ikilala, mahali panaingia katika hadithi.

4. Tafuta nuru moja, inayotoka kando. Kwetu hapa, karibu na ikweta, jua la saa sita mchana linapiga utosini na kutia macho giza. Ngoja asubuhi mpaka saa mbili, au jioni tangu saa kumi na nusu. Ndani ya nyumba, zima flashi, msimamishe mtu karibu na mlango ulio wazi. Usiku, tochi moja au taa moja ya mezani inatosha, ukiiweka kando ya uso, si mbele yake.

5. Acha nafasi upande anaotazama. Kama dada anatazama kulia, usimbane kwenye ukingo wa kulia. Ile nafasi tupu ndiyo inayofanya tungoje kitu.

6. Ondoa vitu vingi. Kiti cha plastiki, bidoni, nguo za kuanikwa: kama hazimo katika hadithi yako, zisogeze. Acha kitu kimoja kinachosema: karai, kitabu, viatu vyenye matope.

7. Waache watu wafanye jambo. Usiseme «Simameni vile!» Waambie watembee, wafunge mzigo, wawashe moto, nawe piga nyingi. Katika 20 moja itakuwa na uhai.

Mmeona? Hatujataja bunduki hata mara moja, na foto imekwisha kuwa sinema.

LAKINI BUNDUKI YA MTI, KUNA UBAYA GANI?

Kijana atasema: «Njo mchezo tu.» Haya, tuongee wazi. Huko Hollywood, mtu akipigwa risasi anaanguka, halafu anaamka, anapangusa vumbi, anakwenda kula chakula chake. Kwetu Djugu, walioanguka hawakuamka. Hakuna nyumba inayosoma ukurasa huu isiyomjua mmoja wao. Mama aliyezika mtoto, akimwona kijana wa jirani anacheka na bunduki mkononi, hataona filme.

Tena picha ina maisha marefu kuliko mchezo. Kesi ya kwanza kabisa iliyohukumiwa na mahakama ya CPI huko La Haye ilikuwa ya Ituri yetu, kesi ya Thomas Lubanga. Kati ya mambo yaliyoletwa mbele ya majaji ilikuwa video iliyopigwa katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, tarehe 12 Februari 2003. Majaji walitazama sura za watoto waliokuwa katika kambi ile, wakaona wazi kwamba wengine hawajafika miaka 15. Hukumu ilitoka tarehe 14 Machi 2012, na mwezi wa Julai mwaka huo ikatolewa adhabu ya kifungo cha miaka 14. Hatuandiki haya juu ya kuchokoza kabila lolote. Kila upande wa Ituri umelia, na watoto wa kila upande walipewa silaha. Tunaandika ili uone nguvu ya picha: zile dakika chache za Rwampara zilingoja miaka tisa, halafu zikasema.

Sasa fikiria telefoni yako. Umepiga foto na bunduki ya mti, umefunga kitambaa chekundu, umevaa koti la kijeshi. Umemtumia rafiki mmoja. Rafiki amemtumia mwingine, na kabla ya Jumapili imevuka mlima. Siku moja unasimamishwa kwenye bariere, telefoni inafunguliwa. Yule anayeitazama hajui jina la filme yako. Na jirani wa kabila lingine, aliyeipokea kwake nyumbani usiku, naye hajui. Utaeleza kwa nani kwamba ulikuwa unacheza? Tena raia kuvaa nguo za jeshi ni kosa, hata kama ni kwa foto tu. Usimpe pia mdogo wako bunduki ya mti ili achekeshe watu. Yeye hajui anachofanya, weye unajua.

Mengine tunayataja kwa ufupi. Usisimame kwenye ukingo wa shimo ili mgongo wako uonekane mzuri na anga: udongo uliolowa mvua hauna urafiki na mtu. Usijipige na dhahabu mkononi, maana mwizi naye ana telefoni. Na mama anayetwanga mawe, au mchimbaji aliyetoka chini amechoka, umwombe ruhusa kwanza. Akisema hapana, ni hapana.

HADITHI ZETU ZINATOSHA

Ukitafuta sinema, usiende mbali. Bambu ni mji uliokua juu ya dhahabu ya Kilo-Moto, na kila nyumba ina hadithi yake.

Babu aliyefanya kazi ya kampuni, ameketi kizingitini, kofia yake ya zamani ya mgodini iko magotini, anatazama bonde. Msichana anafunga mzigo wa kwenda Bunia kuendelea na masomo. Mama amesimama nyuma yake, mkono umebeba sabuni ambayo bado hajampa. Kijana wa miaka 16 amesimama njia panda asubuhi ya ukungu: mkono mmoja una daftari, mwingine una karai. Anakwenda wapi, masomoni au shimoni? Hiyo ni filme nzima, ndugu yangu! Tena ni filme ambayo wengi wenu mnaijua bila kwenda kuitazama popote.

Na iko ile hadithi ya familia iliyokimbia vita, siku moja ikarudi na kusukuma mlango wa nyumba yake. Hadithi hiyo ni kubwa, lakini usiichukue hivi hivi. Uliza wenyewe kama wanataka. Machozi ya mtu si nguo ya kuazima. Wakikubali, wapige kwa heshima, na foto iwe yao kwanza kabla ya kuwa yako.

Foto zikiwa tayari, chagua moja au mbili zilizo nzuri, uzichapishe zitakapopatikana franga. Telefoni inaibwa, inaanguka majini, inakufa. Foto ya karatasi inabaki ndani ya albamu, na miaka inayokuja mtoto wako ataifungua na kuuliza: «Baba, hapa ilikuwaje?» Ufanye sasa foto ambayo siku ile hutaona haya kuieleza.

MASWALI YA KUONGEA NYUMBANI

1. Vijana: kama mngepiga foto moja tu ya maisha ya nyumba yenu, ingeonyesha nini? Isemeni kwa maneno machache.

2. Wazazi: ni sinema gani mlizipenda mlipokuwa vijana, na mlimwigiza nani? Waambieni watoto bila kuficha.

3. Wote pamoja: je, katika telefoni za nyumba hii kuna foto ambayo ingeweza kuleta matata kama mtu asiyetujua angeiona? Tufanye nini nayo leo hii?