Mbegu Kabla ya Shimo

Desemba 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba miti bilioni 15 itapandwa kufikia mwaka 2032. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Novemba, nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu watoke na majembe. Tangu hapo mazungumzo yamekuwa ya hesabu: wadi gani imepanda mingi, shule gani imezishinda nyingine. Chama chetu cha wapenda mimea asilia hapa Bumula kinauliza jambo jingine, na ndilo lililozaa toleo hili. Mbegu za miche hiyo zilitoka wapi?

Simama kwenye kitalu cha kando ya barabara utazame. Kuna mikaratusi, kuna grevilia, kuna miparachichi ya kubebeshwa. Mwenye kitalu hana kosa. Mkaratusi uliingizwa nchini mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe magari ya moshi ya Reli ya Uganda, na kwa zaidi ya karne umekuwa na wataalamu wake, wauza mbegu wake na wanunuzi wa nguzo wake. Lusiola, mti wetu wa asili, haujapata hata nusu ya hayo, ingawa wazee wetu walijenga nyumba kwa nguzo zake na mchwa wakashindwa nazo. Ukimhimiza mwenye kitalu aoteshe miti ya asili na hukumletea mbegu, umemwachia hotuba.

Kwa hiyo nasema wazi: kazi kubwa ya chama kama hiki si sherehe ya kupanda. Ni kuijua miti mama iliyobaki, kuifuata katika msimu wake, na kuokota mbegu zake kabla wadudu na jua havijazimaliza. Miti hiyo ipo. Imesimama kwenye viwanja vya makanisa na shule, kwenye makaburi ya mababu, kando ya vijito vinavyoteremka kuelekea Nzoia, na kwenye mipaka ya mashamba ambako hakuna aliyethubutu kuikata kwa kuogopa ugomvi na jirani.

Chukua mvule. Watu wengi huuona mmoja mkubwa umesimama peke yake katikati ya miwa, wakafurahi kwamba umeokoka. Lakini mvule una dume na jike. Jike aliyebaki bila dume karibu hawezi kutoa mbegu za maana, na dume hazai kabisa hata akiishi karne mbili. Matunda yakipatikana, popo huyala usiku na kutawanya mbegu, kwa hiyo anayefukuza popo kwenye boma lake anafukuza mpanzi. Hata mche ukiota, kuna kidudu kidogo kiitwacho Phytolyma kinachotaga kwenye machipukizi; majani huvimba vinundu, ncha ikaoza. Ukipanda mvule mwingi mahali pamoja kama mahindi, kidudu hicho kimepata karamu. Ukiuchanganya na miti mingine, una nafasi bora ya kukua. Hayo yote yatakiwa kujulikana kabla jembe halijagusa udongo, na hakuna hesabu ya bilioni inayoyaonyesha.

Huko Kitale na kwenye miteremko ya Elgon shida ni nyingine. Mwiritsa, ambao wataalamu huuita Prunus africana, gome lake linatafutwa ng'ambo kwa dawa ya tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mbegu zake hazistahimili ghala. Ukizikausha ukaziweka kama maharagwe ya msimu ujao, zimekufa. Huokotwa zikiwa zimeiva, zikafikishwa kitaluni zingali na uhai, na hilo linahitaji mtu anayekaa karibu na mti, anayejua umeiva lini. Ndiyo maana tunawahimiza wanachama watembelee Makumbusho ya Kitale. Kuna kipande cha msitu wa asili nyuma yake, chenye njia ya kupita kwa miguu, na macho hujifunza haraka zaidi pale kuliko kwenye picha.

Kuhusu nani afanye kazi hii, historia yetu wenyewe ina somo. Katika miaka ya 1980 mradi wa kuni uliofanya kazi Kakamega ulikuta mwiko mzito: mwanamke hakupaswa kupanda mti, kwa sababu kupanda mti ni kudai ardhi. Lakini Sesbania sesban, mmea wa kwetu unaorutubisha shamba na kutoa kuni, ulihesabiwa kuwa kichaka, si mti, na akina mama waliuotesha kati ya mazao yao bila kugombana na mtu. Mpaka leo wao ndio wanaojua mbegu ya kunde, ya mrenda na ya saga huhifadhiwa vipi. Chama kitakachowaweka jikoni kupika chai wakati wanaume wanajadili miti kitakuwa kimejinyima walimu.

Na mimea si miti tu. Agosti ya kila mwaka wa shufwa, mvulana wa Kibukusu anayekwenda kutahiriwa anapakwa matope ya mtoni alfajiri na kuwekewa unyasi wa lusinyande kichwani. Tukikausha mabwawa yote tukapanda mikaratusi, sijui vijana hao watapelekwa wapi alfajiri ile.

Mwaka 2012 wanasayansi walimaliza kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, kazi ya miaka zaidi ya 60 yenye spishi zaidi ya 12,000. Hakikuandikwa kitueleze ni mti upi umesimama kwenye kona ipi ya Khasoko au Siboti. Orodha hiyo tumeianza katika kurasa zinazofuata, pamoja na kalenda ya uokotaji. Msomaji mwenye mvule, murembe au musutsu karibu na kwake atuandikie: uko kijiji gani, unachanua mwezi gani, na kama una matunda. Mwenye shamba atajwe tu akikubali.