Bunia: Kwa nini mgeni wa shirika anaondoka bila rafiki

Mashirika mengi ya misaada yanayofanya kazi mashariki mwa Kongo yamepunguza wafanyakazi tangu mwaka 2025, na Bunia haikusalimika. Sababu inajulikana. Marekani, ambayo mwaka 2024 ilitoa karibu asilimia 70 ya pesa za misaada ya kibinadamu nchini, ilisimamisha misaada yake mwezi Januari 2025, na shirika lake la USAID likafungwa rasmi tarehe 1 Julai mwaka huo. Katika makao makuu ya jimbo la Ituri hasara inahesabiwa haraka: nyumba zilizokodishwa kwa dola, mishahara ya masentinele, kazi za wapishi na madereva, mafuta ya magari.

Kuna hesabu nyingine ambayo haifanywi. Kwa zaidi ya miaka 20 mji huu umepokea wageni wa kila aina: wazungu wa Ulaya, Wamarekani, Wasenegali, Wakameruni, Waburkinabe, Wabangladeshi. Wengi wao wamekaa hapa miezi sita, mwaka mmoja, mara chache miwili, kisha wakapanda ndege kwenye uwanja wa Murongo. Ni wangapi walioacha rafiki wa kweli? Mtu wa kumpigia simu bila kazi, wa kumpa pole akifiwa, wa kumtafuta siku wakirudi? Wakaaji wa Bunia watakuambia kwamba ni wachache sana, na wageni wenyewe hawakatai.

Tatizo la mgeni kukosa marafiki haliko Kongo pekee. Waingereza zaidi ya laki mbili wamehamia Uhispania, wengi wao kwenye miji ya pwani ya Mediterania kama Alicante na Málaga. Huko pia kuna malalamiko ya zamani: wanakunywa wao kwa wao, wanasoma magazeti ya kwao, miaka kumi inapita na Kihispania chao kinaishia kwenye kuagiza chakula. Lakini Mwingereza wa Alicante amejichagulia mtaa na jirani, na akitaka rafiki Mhispania hakuna anayemzuia zaidi ya uvivu wake. Mgeni wa Bunia hana nafasi hiyo. Nyumba amechaguliwa na idara ya usalama. Saa ya kurudi nyumbani imeandikwa. Kupanda pikipiki ni marufuku, kutembea kwa miguu jioni ni marufuku, na katika mashirika mengi kulala nje ya parsele ya shirika ni kosa la kufukuzwa kazi. Umoja wa Mataifa umeiweka Bunia katika orodha ya vituo ambako mfanyakazi haruhusiwi kuja na familia yake. Kwa hiyo hana mtoto wa kusoma na watoto wa kartie, wala mke au mume wa kuzungumza na majirani kwenye ukuta. Kila baada ya wiki kadhaa anatolewa mjini kwenda kupumzika, na anaporudi mazungumzo aliyoyaanza yamekwisha poa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa shirika hapewi jembe hata mwezi wa sita. Anabaki mgeni wa siku ya kwanza mpaka mkataba unakwisha.

Masharti haya hayakutoka hewani. Mwezi Mei 2003, wakati wapiganaji wa pande mbili walipokuwa wakigombania mji, maelfu ya raia walikimbilia kwenye kambi ya MONUC na kando ya uwanja wa ndege. Askari wa Uruguay, karibu 700, hawakuweza kuzuia mauaji mitaani. Umoja wa Ulaya ukatuma kikosi kilichoongozwa na Ufaransa, Operesheni Artemis, kilichokaa kuanzia Juni hadi mwanzo wa Septemba mwaka ule. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ulaya kutuma jeshi lake nje ya bara lake. Askari wale walipokelewa kwa shangwe kwenye Bulevari ya Libération, na hata leo wapo wazee wanaowataja kwa shukrani.

Kilichofuata kiliharibu mengi. Mwaka 2004 ilifahamika kwamba baadhi ya watu wa MONUC mjini Bunia walikuwa wakilala na wasichana wadogo, wengine wakiwa ni wakimbizi wa kambi iliyokuwa jirani na uwanja wa ndege. Malipo yalikuwa dola moja hadi tatu, au mayai na mkate. Wachunguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa walipokea madai 72, na ripoti yao ilitolewa mwanzoni mwa mwaka 2005. Baada ya hapo askari wa kulinda amani walipigwa marufuku kuzoeana na raia, wakawekewa saa ya kurudi kambini na orodha ya mahali wasipopaswa kuonekana.

Hapa ndipo hesabu inakuwa ngumu. Sheria ile ilihitajika, na anayesema haikuhitajika hajawahi kuzungumza na mama wa wasichana wale. Lakini ilitibu ugonjwa wa wachache kwa kuufunga mlango wa wote. Mtu mzima aliyekuwa anakwenda kunywa soda kwa jirani, kuimba kwaya au kucheza mpira na vijana wa kartie alijikuta katika kundi moja na mkosaji. Na mkosaji hakuzuiwa na ukuta. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyopiga Kivu Kaskazini na Ituri na kuua zaidi ya watu 2,200, masharti yote yalikuwa yameshaandikwa. Hata hivyo tume huru iliyotoa ripoti yake Septemba 2021 ilihesabu watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa wanawake katika kazi ile, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani. Mnyanyasaji hahitaji urafiki na mtaa. Anahitaji kwamba mtaa usijue jina lake wala pa kumshitaki. Mgeni anayejulikana kwa jirani, kwa mama muuza makala, kwa mchungaji na kwa mwenye nyumba ana macho mengi juu yake kuliko kanuni yoyote iliyobandikwa ofisini.

Ebola ilionyesha pia kwamba jambo hili si la starehe tu. Magari yalifika vijijini na watu wasiojulikana, wakisema Kifaransa, wakitaka kuchukua wagonjwa na maiti. Uvumi ukawatangulia: wanaleta ugonjwa, wanatafuta pesa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Novemba 2019 kambi ya wahudumu huko Biakato, katika mtaa wa Mambasa hapa hapa Ituri, ilishambuliwa na watu wakauawa. Silaha na siasa zilikuwa na sehemu yao, na haitakuwa haki kusema kwamba salamu zingewazuia wauaji. Lakini palipokuwa na muuguzi anayejulikana au mchungaji anayeaminiwa, familia zilikubali chanjo na mazishi salama kwa urahisi zaidi. Kuaminiwa hakununuliwi wiki ya hatari inapoingia. Kunatengenezwa kabla, katika siku ambazo hakuna linalotokea.

Je, imewahi kuwa vingine? Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Helen Roseveare, alifika kaskazini-mashariki mwa Kongo kama mmisionari na kufanya kazi Ibambi na Nebobongo. Watu walimwita Mama Luka. Mwaka 1964 alishikwa na Wasimba kwa miezi kadhaa na kutendewa ukatili ambao baadaye aliueleza mwenyewe waziwazi. Alipookolewa alirudi Uingereza, na wengi walidhani amemaliza. Mwaka 1966 alirudi Kongo, safari hii Nyankunde, si mbali na Bunia, ambako pamoja na daktari Mmarekani Carl Becker na wenzao Wakongomani walijenga hospitali na shule ya wauguzi. Alikaa mpaka mwaka 1973. Kwa jumla ni karibu miaka 20, na alizungumza Kiswahili.

Wamisionari hao hawakuwa malaika. Walikuja wakati wa ukoloni na walifaidika nao. Watoto wao walisoma peke yao katika shule ya bweni ya Rethy, nyumba zao zilikuwa upande wao wa misheni, na wengi waliwaita watu wazima "boi". Ukuta ulikuwepo, hata kama haukuwa na waya wa miiba. Tofauti yao na mgeni wa leo ni vitu viwili vya kawaida kabisa: muda na lugha. Mtu aliyekaa miaka kumi amezika na watu, amegombana nao, ameomba msamaha, ameona mtoto aliyemzalisha akiingia shule. Hospitali ya Nyankunde iliposhambuliwa tarehe 5 Septemba 2002, na zaidi ya watu 1,000 wakauawa katika siku zilizofuata, wauguzi waliofundishwa pale waliendelea na kazi mahali walipokimbilia, na wengine ndio waliorudi kuianzisha upya. Uhusiano uliojengwa ulibaki mikononi mwa wenyeji baada ya wageni kuondoka.

Upande wa wenyeji nao una lawama yake. Mbele ya macho ya wengi muzungu, hata akiwa mweusi kutoka Dakar, ni mfuko unaotembea. Mazungumzo ya pili na ya tatu yanafika kwenye ombi: kazi ya kaka, karo ya mtoto, barua ya maombi ndani ya bahasha ya kaki. Katika mji ambako kazi yenye mshahara wa kila mwezi ni bahati, hilo linaeleweka. Ila mgeni anayeombwa kila anapokaa hujifunza haraka kutokukaa. Wapo wenyeji wanaoona aibu kwa hilo na kujiweka mbali ili wasidhaniwe kuwa ombaomba, na hao ndio mara nyingi wangekuwa marafiki wazuri.

Liko pia jambo ambalo mgeni wa Alicante hana haja ya kulifikiria. Ituri ina kumbukumbu ya vita vya kikabila. Wakati wa miaka ile mibaya kartie za Bunia zilihesabiwa kuwa za kabila hili au lile, na mpaka leo mtu anayeonekana kila Jumapili kwa familia moja anaweza kuambiwa amechagua upande. Mkuu wa shirika anayelijua hilo huona heri asiwe na rafiki kabisa. Ni uamuzi wa woga, na hauleti kile kinachotafutwa, kwa sababu mgeni asiyezungumza na yeyote humwachia dereva, mkalimani au mwenye nyumba wake amsemee Ituri yote. Hiyo nayo ni kuchagua upande bila kujua.

Kiswahili kina faida yake hapa, nayo haisemwi vya kutosha. Katika Ituri Kiswahili si cha Wahema, si cha Walendu, si cha Waalur, Wabira wala Wanande. Ni cha soko, cha kanisa, cha barabara. Mgeni anayejifunza hashitakiwi kwa kupendelea mtu. Hata hivyo mashirika mengi bado yanatangaza kazi za Bunia yakidai Kifaransa tu, Kiswahili kikitajwa kama nyongeza mwishoni. Anayefika na kile cha vitabu vya Zanzibar au Nairobi atachekwa kidogo, kwa kuwa hapa watu ni "mingi", mwalimu anasema "niko mwalimu", na shukrani ni "aksanti". Kucheka huko mara nyingi ndiko kunakofungua mlango. Sentinele anayemsahihisha bosi wake amekuwa mwalimu wake kwa dakika moja.

Kusema kweli marafiki wa Bunia wanapatikana mahali pa kawaida sana. Mgeni anayekwenda kwenye kilio cha mama ya mpishi wake, akakaa kwenye kiti cha plastiki masaa mawili bila kuangalia simu, amefanya zaidi ya mikutano kumi ya uhamasishaji. Anayekula bugali na sombe, au samaki wa Kasenyi, bila kusifu kupita kiasi, anaitwa tena. Uwanja wa mpira hauulizi kitambulisho. Kanisa vilevile, na msikiti.

Mengi ya hayo hayahitaji pesa mpya. Mkataba wa miaka miwili badala ya miezi sita hupunguza gharama za kusafirisha na kufundisha watu upya. Miezi mitatu ya masomo ya Kiswahili ni nafuu kuliko gari moja. Orodha ya mitaa ambako mtu anaruhusiwa kutembea mchana inaweza kutazamwa upya pamoja na wakuu wa kartie, badala ya kuandikwa na mtu wa usalama aliyewasili wiki iliyopita. Ituri iko chini ya hali ya dharura tangu Mei 2021, CODECO na ADF bado wanaua, na hakuna anayeomba wageni watembee usiku kwenye barabara ya Komanda. Saa nne za asubuhi katika soko kuu ni habari nyingine.

Kwa sasa upunguzaji wa pesa unabadilisha sura ya mgeni mwenyewe. Nafasi za wazungu zinapungua, na kazi zinazobaki zinachukuliwa zaidi na Wakongomani wanaotumwa kutoka Kinshasa, Kisangani, Goma au Bukavu. Nao wanakuja bila familia, wanalala kwenye nyumba zile zile na kufuata saa zile zile za kurudi. Mtu wa Kinshasa anafika na Lingala, ambayo Bunia wengi wanaihusisha na askari. Mashirika hayawahesabu kama wageni, kwa hiyo hakuna anayewaandalia masomo ya Kiswahili wala anayewapeleka kuwasalimu majirani siku ya kwanza.