Kabla ya Sindano ya MRI, Uliza Kuhusu Figo Zako

Je, msomaji, umewahi kulazwa ndani ya lile bomba la mtambo wa MRI, kisha ukaletewa sindano na kuambiwa ni dawa ya kufanya picha ionekane vizuri? Wengi hunyosha mkono bila kuuliza neno. Dawa hiyo ina gadolini, metali mojawapo ya zile ziitwazo adimu, ambazo jamaa zake zimo hata kwetu katika kilima cha Mrima, Kwale. Yafaa uijue kabla haijaingia mshipani mwako.

Gadolini iligunduliwa mwaka wa 1880 na mwanakemia wa Uswisi, Jean Charles de Marignac, na jina lake latokana na Johan Gadolin wa Finland. Sifa yake kubwa ni uhusiano wake na sumaku. Penye baridi ya chini ya nyuzi 20 hivi, huvutwa na sumaku kama chuma. Mtambo wa MRI nao ni sumaku kubwa inayopiga picha kwa kutegemea maji yaliyomo mwilini. Palipo na gadolini maji hayo hutoa ishara kali zaidi, na uvimbe au jipu la ubongo hung'aa likaonekana wazi. Tangu mwaka wa 1988, dawa ya kwanza ya aina hii ilipoidhinishwa Marekani, imeokoa watu wengi. Hilo silipingi.

Lakini gadolini tupu ni sumu. Chembe zake hukaribiana kwa ukubwa na zile za kalsiamu, hivyo huuhadaa mwili na kuvuruga kazi ya misuli na neva. Kwa sababu hiyo watengenezaji huifungia ndani ya molekuli nyingine, mithili ya mfungwa na pingu zake. Figo zikiwa nzima, mfungwa huyo hutolewa kwa mkojo, aghalabu katika muda wa siku moja. Zikiwa mbovu, hukawia, na akikawia pingu zaweza kufunguka. Mwaka wa 2006 madaktari wa Ulaya walieleza jinsi wagonjwa wa figo waliodungwa dawa hii walivyopatwa na ugonjwa wa ngozi kuwa ngumu kama ubao na viungo kukakamaa. Wengine walifariki. Hadi leo hauna tiba ya uhakika.

Tangu hapo mambo yamekuwa afadhali. Zipo dawa ambazo pingu zake ni imara zaidi, na mwaka wa 2017 Ulaya ilisimamisha matumizi ya nyingi kati ya zile zilizo dhaifu. Ugonjwa wenyewe sasa ni nadra sana. Ni kweli kwamba mwaka wa 2014 watafiti wa Japani walionyesha dalili za gadolini kubaki ubongoni, lakini haijathibitishwa kuwa mabaki hayo humdhuru mtu. Kwa hivyo usimpe pesa zako yeyote anayekuuzia dawa ya "kusafisha madini mwilini".

Kinachonikera mimi ni uzembe. Juzi alinijia mwalimu mmoja, mama mwenye kisukari cha miaka mingi, ameandikiwa MRI ya mgongo pamoja na sindano. Alikuwa amekwisha ulizwa atalipaje, ila hakuna aliyemuuliza kuhusu figo. Nilimpima kreatinini nikakuta figo zake zimedhoofika sana. Isitoshe, maumivu ya kawaida ya mgongo kwa kawaida hayahitaji sindano hiyo hata kidogo! Nami nakiri kwamba zamani nilikuwa nikiiandika bila kufikiri, kana kwamba picha isiyo na dawa ni picha nusu.

Kwa hivyo, ikiwa una kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, au ikiwa u mja mzito, sema kabla hujalala mtamboni, hata usipoulizwa. Uliza kama sindano ni ya lazima, na ni dawa gani. Kipimo cha kreatinini si ghali ukilinganisha na gharama ya MRI yenyewe. Daktari anayekasirishwa na maswali hayo, mimi sioni sababu ya kumwogopa.

Mwalimu yule alipigwa picha bila sindano. Kasoro ya mgongo ilionekana vizuri, naye sasa anafanya mazoezi huku tukizifuatilia figo zake kila baada ya miezi mitatu.