Ukurasa wa Nyumbani: Kikombe cha Kujaza Tena, Je, Chafaa Kununuliwa?

Katika matumizi ya fedha za jamaa hakuna bei iwezayo kumpotosha hata mtu mwangalifu kama ile ya kulipa mara moja na kutumia bila kikomo. Sukari ya dukani hupimwa kwa mizani, na kitambaa hupimwa kwa futi. Bali kitu kiuzwacho bila kikomo hakina kipimo, na mnunuzi asipojipimia mwenyewe hapimiwi na mtu. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno hayo yanafaa nyumbani kama yafaavyo safarini.

Jambo hili lilimkabili sajini mmoja mstaafu wa polisi wa Uganda mwaka 2023, yeye na mkewe walipokwenda Marekani kumzuru binti yao, ambaye ni muuguzi katika mji wa Tampa, jimbo la Florida. Siku chache baada ya kuwasili kwao, binti aliwachukua wazazi wake pamoja na watoto wake wawili, akawapeleka Walt Disney World, mahali pakubwa pa burudani karibu na mji wa Orlando, palipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Hapo pana bustani nne kubwa za michezo na maonyesho, na hoteli zaidi ya ishirini za kulaza wageni.

Binti alikuwa amelipia siku mbili za kulala katika hoteli iitwayo Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001 na kujengwa kwa kuiga Afrika. Sajini alifurahi mno, kwani kila alipogeuka alikutana na lugha aliyoitumia kazini maisha yake yote. Jengo moja linaitwa Jambo, la pili Kidani. Mahali pa kulia chakula panaitwa Boma, pengine Jiko, pengine Sanaa. Na kutoka baadhi ya vyumba mgeni huwaona twiga na punda milia wakila majani. Mkahawa wa chakula cha haraka unaitwa Mara, na ni katika mkahawa huo ndipo vilipopangwa vikombe vyenye rangi nzuri, vyenye mfuniko na mkono wa kushikia.

Tangazo lilieleza kwamba mgeni akinunua kikombe hicho ataweza kukijaza soda, chai, kahawa au kakao mara nyingi apendavyo kwa muda wote wa kukaa kwake hotelini. Bei ilikuwa karibu dola 22, na kodi ya mauzo ya asilimia 6.5 huongezwa wakati wa kulipa. Soda moja katika kikombe cha karatasi iliuzwa karibu dola 4 na nusu.

Wajukuu walivitazama vikombe, kisha wakamtazama babu yao. Sajini akatia mkono mfukoni. Mfuko huo ulikuwa na dola 120, ambazo mkewe alizikusanya kwa muda mrefu kutokana na kuuza mayai, wakazibadilisha Kampala kabla ya kupanda ndege. Shabaha ya fedha hizo ilikuwa kuwanunulia viatu vya shule wajukuu watatu waliobaki Uganda.

"Mama," alisema sajini kwa sauti ya chini, "watoto hawa wasije wakasema babu yao alikuja mikono mitupu. Tuwanunulie, na sisi tuchukue, tuwe na vikombe vitano."

"Mzee, mikono yako haijapata kuwa mitupu mbele yao," alijibu mkewe. "Lakini fedha ikishatoka hairudi. Soda haitakwisha tukikaa dakika tano tukafanya hesabu."

Binti alitaka kulipa yeye ili kuondoa maneno, lakini baba yake akakataa. Mgeni naye ana heshima yake, na zawadi ya babu haiwezi kulipiwa na mwenyeji. Basi wakaketi, na bibi huyo, aliyekaa kambini miaka ishirini na sita akiugawanya mshahara wa mwezi kwa siku thelathini, akatoa kidaftari chake mkobani.

Swali lake la kwanza halikuwa juu ya bei. Alimwuliza binti yake kikombe hicho hujazwa wapi. Jibu lilibadili hesabu yote. Vikombe hivyo hujazwa katika hoteli za Disney tu. Katika zile bustani nne za michezo havijazwi. Chini ya kila kikombe mna chipu ndogo ya elektroniki. Mgeni anapokiweka kikombe kwenye mashine, mashine huisoma chipu hiyo, ikajua kama siku zake zimekwisha au bado. Siku zikiisha, mashine haitoi kitu. Kwa hiyo maneno ya bila kikomo yana mipaka miwili, yaani mahali na tarehe.

Swali la pili lilikuwa juu ya saa za kuwapo hotelini. Walikuwa wamefika alasiri. Kesho yake wangeondoka asubuhi kwenda katika bustani ya wanyama, ambayo ilifunguliwa mwaka 1998 na ndani yake mna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, nao wasingerudi mpaka usiku. Siku ya tatu ilikuwa ya kufungasha mizigo. Kwa maneno mengine, saa nyingi za mchana, wakati kiu inapomshika mtu katika joto la Florida, wangekuwa mahali ambapo kikombe hakijazwi.

Swali la tatu lilikuwa juu ya kile ambacho kila mtu angekunywa hata kama vikombe visingalikuwako. Bibi aliandika jina la kila mmoja na vinywaji vyake. Yeye mwenyewe hunywa maji. Binti hunywa kahawa asubuhi, na chumbani mlikuwa na mashine ndogo ya kahawa isiyotozwa fedha. Watoto wangepewa soda moja kila mmoja jioni ile, na nyingine usiku wa kesho. Zaidi ya hapo mama yao asingekubali. Sajini ndiye mnywaji wa chai: viwili jioni ile, kimoja asubuhi, kimoja usiku, na kimoja kabla ya kuondoka.

Kwa bei zile, mtu hurudisha fedha yake anapofikia kikombe cha tano. Watoto wangekunywa viwili viwili, wala wasingefika hata nusu ya safari. Sajini peke yake ndiye angefika. Vikombe vitano pamoja na kodi vingegharimu kiasi cha dola 117, na katika mfuko zingebaki dola tatu tu. Kikombe kimoja pamoja na soda nne za watoto vingegharimu kama dola 43, na zingebaki dola 77.

Sajini alikitazama kidaftari kwa muda, kama alivyokuwa akiitazama taarifa ya zamu. "Na maji ya huko bustanini?" aliuliza.

"Ni bure, Baba," alisema binti. "Ukiomba kwenye mkahawa wa chakula cha haraka wenye mashine ya soda, watakupa kikombe cha maji ya barafu bila malipo. Hata chupa zetu za maji tunaruhusiwa kuingia nazo, ilimradi zisiwe za kioo."

Shauri likakatwa. Kikombe kimoja kilinunuliwa, cha babu. Watoto walipata soda zao zilizonunuliwa kwa fedha ya babu na kupewa kwa mkono wa babu, wala hawakuona upungufu wowote, kwani mtoto hupima zawadi kwa uso wa mtoaji.

Yapo mambo mengine ambayo kidaftari hakikuyaandika, lakini yafaa kila mzazi ayafahamu. Kitu kikishalipiwa, mtu hujiona amepoteza asipokitumia sana. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walitangaza uchunguzi kuhusu tiketi za msimu wa michezo ya kuigiza. Baadhi ya wanunuzi walilipa bei kamili, na wengine wakapunguziwa bila kutazamia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi, ingawa michezo ilikuwa ile ile. Ndivyo ilivyo kwa kikombe: aliyekilipia hunywa, si kwa kuwa ana kiu, bali kwa kuwa amelipa.

Tena kinachonywewa ni sukari. Kopo la Coca-Cola la mililita 355 lina gramu 39 za sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu katika chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani karibu gramu 25 kwa mtu mzima. Mtoto anayekimbilia mashine mara sita kwa siku ili kurudisha fedha ya mzazi wake analipa deni hilo kwa meno na mwili wake.

Hata hivyo haifai kusema kwamba vikombe hivi ni hasara kwa kila mtu. Jamaa inayokaa siku saba, ikashinda siku mbili au tatu kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, na ambayo watu wake hunywa chai au kahawa asubuhi na jioni, itapita kikombe cha tano mapema na kupata faida ya kweli. Wala taratibu hazifanani kila mahali. Huko Universal Orlando, mahali pengine pa burudani katika mji huo, kikombe cha namna hii hujazwa ndani ya bustani zenyewe, lakini hulipiwa kwa siku, na mnywaji hungoja dakika kumi kabla ya kujaza tena. Nazo bei hupanda mwaka hata mwaka. Msafiri na asome ile iliyoandikwa siku aliyofika.

Lililo muhimu ni kwamba kisihesabiwe kile ambacho mashine iko tayari kutoa. Kihesabiwe kile ambacho mtu angekinunua hata hivyo, mahali pale, katika saa zile. Kipimo hicho kinamfaa pia askari aliye kituoni mwake, anaponunua kifurushi cha simu cha mwezi ambacho nusu yake itakwisha muda kabla ya kutumika, na mama wa nyumbani anaponunua gunia zima la kitu kinachooza kwa kuwa bei ya gunia ni rahisi.

Viatu vya shule vilinunuliwa Tampa, jozi tatu, na kusafirishwa ndani ya sanduku la sajini. Kikombe nacho kilifika Uganda. Chipu yake ilikwisha muda siku ile walipoondoka hotelini, na hakuna mashine itakayokijaza tena. Sajini hukinywea chai kila asubuhi barazani, na akitaka cha pili humwomba mkewe, ambaye humkumbusha bei ya sukari, kisha humjazia.