Chunusi za Kidevuni Sio Uchafu, Mwacheni Mdada wa Watu!

Yule mdada wa Bongo Muvi kaposti picha bila mekapu, basi imekuwa nongwa. "Hanawi huyo!" "Apunguze chipsi!" Mwingine kamshauri atafute mkorogo.

Jamani, hapo sabuni haina kosa. Mwanamke mzima akitokwa na chunusi za kuuma kidevuni na kwenye taya, hedhi inapotea miezi miwili mitatu, na vindevu vinachomoza, inawezekana ni PCOS. Homoni za kiume zinazidi mwilini, ngozi inatoa mafuta mengi, vitundu vinaziba. Shirika la Afya Duniani linasema tatizo hili linawapata wanawake wengi walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi hawajijui.

Mkorogo ndo unamaliza kabisa. Ukiwa na steroidi, mwanzoni uso unang'aa, baadaye ngozi inakuwa nyembamba na chunusi zinarudi na ndugu zake.

Njia ni hospitali. Daktari atapima, kisha anaweza kumpa dawa ya kupaka, au vidonge vya uzazi wa mpango kama hatafuti mtoto kwa sasa. Nafuu inachukua miezi, sio wiki. Na sio suala la urembo tu: PCOS inaweza kusumbua kushika mimba na kuleta kisukari.

Mkimcheka atajificha nyuma ya mekapu na hospitali hataenda. Nyie mnaocheka, dada zenu nyumbani mmewauliza?