FUNDI WA STIMA SI FUNDI WA KILA KITU



Kuna karatasi inayozungushwa katika karakana yetu. Yasema kwamba hapatakuwa tena na fundi wa stima, wala fundi wa bomba, wala seremala. Sote tutaitwa "fundi wa matengenezo ya jumla". Mshahara ni ule ule. Wengine wamekwisha kutia sahihi, kwa kuwa jina ni refu na lasikika kama cheo. Cheo gani hiki kisichoongeza hata shilingi moja?

Sisemi mtu asijifunze kazi ya pili. Katika stesheni ndogo, ambako mtu mmoja huangalia tangi la maji, milango na paa, mtu wa kazi nyingi ni mtu wa maana sana, wala hapana fundi wa mjini anayeweza kumcheka. Lakini yeye alijifunza kwa miaka mingi, na kazi ikimshinda huita mwenye kazi yake. Huku kwetu twaambiwa tujifunze kwa juma moja, na wa kuitwa hatakuwapo, maana naye atakuwa juu ya dari akipaka rangi.

Tazameni pampu iliyoacha kuvuta maji. Fundi wa stima hupima kwanza. Labda fyuzi moja kati ya tatu imekatika, na mota yanguruma kwa waya mbili na kushika moto. Ukiiacha hivyo itaungua. Labda aliyeifunga jana alibadilisha waya mbili, nayo sasa yazunguka kinyume. Yule wa juma moja ataona fyuzi imekatika, atatia waya mnene mahali pake, pampu itakwenda, na bwana mkubwa atamsifu kwa upesi wake. Sifa hiyo itadumu mpaka siku mota itakapozidiwa na pasiwe na fyuzi ya kukata. Hapo wataulizana nani aliligusa sanduku la swichi, na jibu litakuwa: kila mtu.

Bomba likivuja, maji yenyewe yakupa habari. Mlango ukipinda, hata mpishi auona. Stima haionekani. Waya wenye volti 415 na waya uliokufa ni sura moja, na kuna vyombo ambavyo hata swichi ikizimwa hubaki vimeshika stima ndani yake.

Kwa hiyo nawaomba msome Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Mfanya kazi akiwa na sababu ya kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu, yampasa kumwambia msimamizi wake, wala asilazimishwe kurudi mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Hiyo ni ngao yetu. Lakini atakuwaje na sababu ya kuamini mtu asiyeitambua hatari? Ukimwondoa fundi, umemwondoa mtu aliyeweza kusema, "Hapa hatufungui leo." Nami naona kwamba huyo ndiye anayewasumbua wakubwa, kuliko mshahara wake.

Tena Sheria ya Nishati ya 2019 yataka kazi ya kufunga stima ifanywe na mwenye leseni. Sitaki kuona leseni ya mtu mmoja ikiwafunika watu sita.

Na cheti chako cha mtihani wa ufundi, uwe wa daraja la 3 au la 1, kina jina la kazi yako. Ukienda kwa mwajiri mwingine chakutangulia. Jina ulilopewa na ofisi ya hapa halivuki lango.

Twaambiwa huko Ulaya ndivyo wafanyavyo. Vema, tutazame huko. Mwaka wa 1960, katika kiwanda cha mafuta cha Esso pale Fawley, Uingereza, mafundi walikubali kulegeza mipaka ya kazi zao. Lakini walikubali kwa mapatano na vyama vyao, na mishahara ikapanda kwa karibu asilimia 40, na saa za kazi za juma zikapunguzwa. Ofisi yetu imechukua nusu ya habari, ikaacha nusu yenye fedha.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, yataka maelezo ya kazi yako yaandikwe, na yakibadilishwa ushauriwe na upewe mabadiliko kwa maandishi. Kuletewa karatasi saa ya chai pamoja na kalamu si kushauriwa.

Basi chama kidai haya: kazi ya pili ifundishwe sawasawa na kupimwa kwa mtihani, aliyefaulu alipwe kwa ajili yake, na sanduku la swichi libaki mkononi mwa fundi wa stima mwenye leseni, pamoja na msaidizi wake, hata usiku.

Ambaye hajatia sahihi asitie. Aliyetia alete nakala kwa katibu wa tawi kabla ya Ijumaa, tupate kuhesabu.

Mwanachama, Karakana